Kusafisha Sindano za Ayonaiza Bila Kujidhuru: Mwongozo kwa Fundi wa Mombasa

Maswali kuhusu ayonaiza, mashine inayotumia ncha za sindano kuondoa umeme tuli (ile chaji inayoshikanisha karatasi na plastiki), ni yale yale. "Taa inawaka, mbona karatasi bado zinashikana?" "Naweza kupangusa kwa spiriti ya duka la dawa?" "Nikizima swichi naweza kugusa sindano hapo hapo?" Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini na mwenye karakana aliyetoka kulipa pesa nzuri: "Mombasa yenyewe ina unyevu tele, hii ayonaiza nilikuwa naihitaji kweli?"

Nianze na hilo la mwisho, liondoke njiani. Ni kweli unyevu hupunguza umeme tuli, kwa sababu utando mwembamba wa maji juu ya vitu huipa chaji njia ya kutorokea. Lakini chumba kilichofungwa na AC tangu asubuhi hakina hewa ya ufukweni Mama Ngina. Plastiki inayokimbia kwenye rola hujichaji hata siku ya mvua. Na kipande cha simu kinaweza kuharibiwa na volti chini ya 100, ilhali kidole chako hakihisi mshtuko mpaka zifike kama volti 3,000. Basi mwenye mashine ya kuchapa Shimanzi, wa kufungasha bidhaa Changamwe na fundi wa simu Mwembe Tayari, wote wanaihitaji.

Kinachobadilika huku kwetu ni uchafu unaoshika sindano. Vitabu vinavyokuja na mashine hizi huwazia vumbi kavu. Kwetu sindano hushikwa na chumvi ya bahari pamoja na vumbi, na chumvi karibu haiyeyuki kabisa kwenye alkoholi kavu. Ukipangusa kwa alkoholi ya IPA ya asilimia 99 peke yake, unaisambaza chumvi, sindano inang'aa, na baada ya siku chache tatizo linarudi. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo.

Jua kwanza unashika kitu gani

Ayonaiza ya sindano hupeleka volti nyingi kwenye ncha kali. Hewa iliyo kwenye ncha hupasuka kuwa ioni (chembe zenye chaji) chanya na hasi, nazo huenda kuzima chaji iliyo juu ya karatasi, plastiki au ubao wa saketi. Ncha ikifunikwa au ikiwa butu, ioni hupungua. Nadharia inatosha hapo.

Kuna za feni zinazowekwa mezani, kuna fito ndefu zinazofungwa juu ya mashine, kuna bunduki za upepo. Fito za AC (hapa ni umeme wa mkondo unaogeuka, si kiyoyozi) mara nyingi hutumia kati ya kilovolti 4 na 7. Za DC, yaani mkondo wa upande mmoja, zinaweza kupita hapo kwa mbali. Nyingi za siku hizi zina kizuizi ndani kinachobana mkondo, kwa hiyo ukizigusa zitakuruka tu. Za zamani, ambazo sindano zimeungwa moja kwa moja na transfoma, zinaweza kukuumiza vibaya. Kama ufito wako ni wa zamani au ulinunuliwa mtumba na hauna karatasi, uchukulie kuwa ni wa aina hiyo mpaka fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, akuambie vingine.

Angalia pia lebo. Ukiona alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu meusi juu ya manjano, weka chini na usiifungue. Kuna vifaa vya kuondoa chaji visivyo na sindano wala waya wa umeme, ndani vimewekwa poloniamu-210. Havisafishwi na fundi, havikwaruzwi, havitupwi kwenye taka. Hivyo hurudishwa kwa aliyeviuza, na Kenya vitu vya mionzi viko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA. Mwongozo huu hauvihusu.

Andaa hivi kabla ya kushika bisibisi

- Alkoholi ya aisopropili, ile mafundi wa simu wanaiita IPA, ya asilimia 99. Nunua chupa ndogo. IPA hufyonza maji kutoka hewani, na kwa hewa yetu chupa ya lita tano inayofunguliwa kila siku haibaki kuwa ya asilimia 99.
- Maji yaliyotoneshwa (distilled water). Maji ya betri ya kwenye vituo vya petroli yanafaa, mradi lebo iseme ni maji na si asidi. Chupa zinafanana na hukaa rafu moja, kwa hiyo soma.
- Vijiti vya sponji. Vya pamba vya masikio vinakubalika ukikosa, lakini huacha nyuzi, na uzi mmoja kwenye ncha ni uchafu mpya.
- Kitambaa kisichoacha nyuzi, kama kile cha kupangusia miwani.
- Brashi laini ya nailoni. Mswaki mpya wa mtoto ni mzuri sana.
- Glavu za nitraili na miwani ya kukinga macho. Jasho lina chumvi na mafuta, na mkono wa Mombasa hauna dakika ambayo haujatoa jasho.
- Tochi, na lenzi au kamera ya simu.
- Multimita.
- Kufuli na kibandiko cha "USIWASHE", kama mashine ina watu zaidi ya mmoja.

Changanya IPA sehemu 7 na maji yaliyotoneshwa sehemu 3 kwenye chupa ndogo na uiandike jina. Huo ndio mchanganyiko wa kuondoa chumvi: maji yanayeyusha, alkoholi inabeba mafuta na kusaidia kukauka. IPA safi iliyobaki ni ya mpanguso wa pili.

Sasa vitu vya kuacha rafuni, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea:

*Spiriti ya duka la dawa.* Ile ya hospitali mara nyingi huwa na mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi. Alkoholi ikiruka, mafuta yanabaki kwenye sindano.

*Spiriti ya zambarau.* Rangi yake ni kitu kilichoongezwa makusudi, na kitu hicho hakiruki pamoja na alkoholi.

*Sanitaiza.* Ina glisirini na utelezi. Tangu 2020 kila meza ina chupa yake, kwa hiyo kishawishi kipo.

*Thina, petroli, asetoni na dawa ya kuondoa rangi ya kucha.* Huyeyusha au kupasua plastiki inayoshika sindano.

*Maji ya kisima.* Mengi ya visima vya kisiwani yana chumvi yake tayari. Hata ya bomba yana madini yanayobaki yakikauka.

*Dawa yoyote ya kupuliza yenye silikoni.* Hii nitairudia mbele kwa sababu watu hawaoni uhusiano.

Hatua za kazi

1. Simamisha mashine nzima, si ayonaiza peke yake.

Ufito hukaa karibu na rola. Fundi anayeinamia ufito wakati mwenzake anawasha mashine ili "kusogeza karatasi kidogo" hapotezi ayonaiza, anapoteza vidole. Zima kwenye swichi kuu, tia kufuli, bandika kibandiko, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Mwambie bosi na vijana wote. Kama mahali penyewe panatumika wino wenye thina au gundi yenye mvuke unaowaka, fungua madirisha na uache mvuke uishe kwanza.

2. Chomoa plagi, kisha ngoja.

Kuzima swichi hakutoshi. Soketi zetu nyingi zimefungwa na watu wasiojulikana, na si ajabu swichi kukata waya usiofaa. Chomoa. Mitambo ya DC huweka chaji kwa muda hata baada ya kuchomolewa. Fuata muda uliotajwa kwenye kitabu chake. Kama hakitaji, mimi hungoja dakika 5. Kwa fito za zamani zisizo na kizuizi, kuondoa chaji iliyobaki kwa kijiti chenye waya wa ardhi ni kazi ya fundi wa umeme. Msubiri.

Bangili ya mkononi ya kuondoa chaji haikulindi hapa. Kizuizi cha megaohmu 1 kilicho ndani yake kimewekwa kwa ajili ya umeme wa soketi. Hakikuwekewa kilovolti. Usiwahi kuinamia ayonaiza iliyowashwa ukiwa umefunga bangili hiyo.

3. Angalia kabla ya kugusa, na upige picha.

Fundi wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Mulika kila sindano kwa tochi na uitazame kwa lenzi. Uchafu unakueleza ulikotoka:

Manyoya meupe kwenye ncha ni ya kawaida. Umeme kwenye ncha hutengeneza chumvi za naitreti kutoka hewani na kuvuta vumbi. Zinayeyuka kwenye maji, ndiyo sababu nyingine ya mchanganyiko wetu.

Ukoko mweupe mgumu unaong'ang'ania hata ukisuguliwa kwa mchanganyiko ni silika, madini kama ya kioo. Kuna silikoni inayopulizwa mahali.

Unga mweupe au wa krimu uliojaa hadi kwenye kitako, kwenye mashine ya kuchapa: huo ni unga unaonyunyiziwa karatasi zisichafuane. Punguza unyunyizaji na uangalie upepo unaelekea wapi.

Utando wa kahawia unaonata ni moshi. Kwenye meza ya simu ni moshi wa fluksi, ile dawa inayotumika kuunga risasi.

Kijani au kutu kwenye kitako ni chumvi. Imeshaanza kula chuma.

Mstari mweusi uliochorwa kama mzizi juu ya plastiki, kutoka sindano moja kwenda nyingine au kwenda kwenye bati: simama hapo. Umeme umeshajichomea njia ya kaboni. Njia hiyo haisafishiki. Kitu hicho hubadilishwa, hata kama muuzaji wa mtumba anakuapia kwamba "inafanya kazi bado".

4. Toa vumbi kavu kwanza.

Tumia brashi laini, ukivuta kutoka kitako kuelekea ncha. Usiende kinyume, nywele za brashi zikigonga ncha huinamisha, na sindano za silicon (ile ngumu ya chipu, si silikoni ya dawa za kupuliza) zinazotumika kwenye vyumba safi vya viwandani huvunjika kama kioo. Usipulize kwa mdomo. Ukitumia kompresa, fungua kwanza valvu ya chini ya tangi na umwage maji. Kwa unyevu wetu utashangaa kiasi kinachotoka, na maji hayo yana kutu na mafuta. Upepo uwe mdogo, wenye kichujio, na uelekee mbali na uso wako.

5. Pangusa sindano kwa mchanganyiko wa maji na IPA.

Chovya kijiti, kikamue kiwe na unyevu tu, kisiwe kinadondosha. Kiweke kwenye kitako cha sindano, kizungushe taratibu huku ukipanda kuelekea ncha, kisha kitoe hewani. Ukimaliza sindano mbili tatu geuza upande, kisha tupa. Kijiti kilichochafuka kinahamisha uchafu wa sindano ya kwanza kwenda ya kumi.

Usibonyeze ncha kwa kidole kuona kama ni kali. Ni kali. Inachoma, na jasho lako linabaki pale.

Usisugue kwa msasa, tupa wala wembe, hata ukoko ukikataa. Umbo la ncha ndilo linalotoa ioni, na kila ncha ikiwa na umbo lake, ufito wote hupoteza uwiano wa ioni chanya na hasi. Ukoko ukikataa baada ya mizunguko miwili mitatu ya kijiti kipya, sindano hiyo imefika mwisho.

6. Pangusa plastiki inayozunguka sindano. Hapa ndipo kazi ya Mombasa ilipo.

Wengi humaliza kwenye ncha na kufunga. Plastiki iliyo kati ya sindano na mwili wa chuma ndiyo inayozuia umeme usivuje. Ikivaa utando wa chumvi, utando huo hunywa unyevu usiku mashine ikiwa imelala, na asubuhi unapowasha, umeme unaona njia rahisi kuliko hewa. Ioni zinapungua na plastiki inaanza kuungua kidogo kidogo, mpaka unapata ule mstari mweusi wa hatua ya 3.

Kwa hiyo chukua kitambaa chenye mchanganyiko, pangusa mfereji mzima, kila kishimo cha sindano, pande za ufito, na mahali kebo inapoingilia. Geuza kitambaa kila mara. Kitako kikiwa na kishimo kirefu, tumia kijiti chembamba. Usimimine wala kunyunyiza maji juu ya ufito. Kitu kikishaingia ndani hakitoki leo.

7. Pangusa mara ya pili kwa IPA safi.

Kijiti kipya, kitambaa kipya, mpangilio ule ule. IPA ya asilimia 99 inaondoa maji yaliyobaki na kuharakisha kukauka. Kuanzia hapa usiguse sindano kwa mkono mtupu.

8. Kausha kweli.

Mvuke wa IPA unaweza kuwaka hewa ikiwa nyuzijoto 12 tu. Mombasa haijawahi kuwa na baridi hiyo, kwa hiyo kila siku ya kazi yako mvuke uko tayari kuwaka. Ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya meza na ndani ya boksi la mashine. Na wewe unataka kuwasha kitu chenye kilovolti.

Funika chupa uipeleke mbali. Tupa vijiti kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, nje. Elekeza feni ya kawaida kwenye ufito kutoka umbali wa hatua moja au mbili na uache angalau nusu saa. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, au siku yenye mawingu mazito, ongeza. Hakuna sigara, hakuna jiko, na mashine ya kupuliza joto ikae mbali na plastiki hiyo.

9. Feni, wavu na kichujio.

Kwa ayonaiza ya mezani, fungua wavu wa nyuma, pangusa mapanga ya feni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo huku umeyashika yasizunguke, na usafishe au ubadilishe kichujio. Sindano safi nyuma ya kichujio kilichoziba ni kazi bure, ioni hazifiki mezani. Baadhi ya mashine zina brashi ndogo ndani inayozungushwa kwa kitufe. Hiyo ni ya vumbi la kila siku, haiondoi chumvi.

10. Kagua waya wa ardhi, kisha washa.

Kabla ya kuchomeka, weka mguu mmoja wa multimita kwenye bati la mwili na mwingine kwenye pini ya ardhi ya plagi, ile ndefu ya juu. Usomaji uwe chini ya ohmu 1 au karibu na hapo. Halafu hakikisha soketi yenyewe ina ardhi ya kweli. Kuna majengo ya zamani Mji wa Kale na Majengo ambako tundu la tatu lipo lakini nyuma yake hamna waya. Ayonaiza isiyo na ardhi haina pa kulinganishia volti zake, na mwili wake unaweza kukuruka. Usitumie adapta ya pini mbili, hata "kwa leo tu".

Washa ukiwa umekaa pembeni, uso mbali. Mlio mdogo wa "ssss" kwenye fito za AC ni wa kawaida. Mpasuko wa "tak tak" si wa kawaida; zima na uende kwenye sehemu ya matatizo. Harufu hafifu kama ya baada ya radi ni ozoni, nayo inatarajiwa kidogo.

Utajuaje kama imepona

Taa ya kijani inakuambia umeme umefika. Haikuambii ioni zinatoka.

Kipimo halisi ni bamba la kupimia: bamba la chuma la sentimita 15 kwa 15, lenye uwezo wa pikofaradi 20, linalochajiwa hadi volti 1,000, kisha unahesabu sekunde mpaka lishuke hadi volti 100. Fanya hivyo kwa chaji chanya na kwa hasi. Halafu unaliondolea bamba chaji yote na kuona volti zinatulia wapi mbele ya ayonaiza; kiwango cha Marekani cha kudhibiti umeme tuli, ANSI/ESD S20.20, kinataka zisizidi 35 upande wowote. Kifaa hicho ni ghali na karakana ndogo hainunui. Wanaofanyia kazi kampuni kubwa za elektroniki hawana budi.

Ukiwa huna, mita ndogo ya mkononi ya kupimia uga wa umeme tuli inakupa jibu la maana. Na ukiwa huna hata hiyo, sugua rula ya plastiki kwa kitambaa kikavu, ihakikishe inanyanyua vipande vidogo vya karatasi, ishike mbele ya ayonaiza kwa umbali wako wa kawaida wa kazi, kisha ijaribu tena. Ikiendelea kunyanyua baada ya sekunde kadhaa, ayonaiza haifanyi kazi yake. Jaribio hili halina namba, lakini lina ukweli zaidi ya taa.

Andika tarehe na matokeo kwenye daftari. Ratiba yako nzuri itatoka humo, haitatoka kwangu. Aliye ndani ya chumba cha AC kilichofungwa anaweza kukaa mwezi. Aliye na milango wazi karibu na bandari, akiuona ukoko kila wiki, asafishe kila wiki. Kipindi cha kaskazi vumbi huongezeka, kipindi cha kusi ni unyevu na chumvi. Sekunde za kushuka zikianza kurefuka kuliko zilivyokuwa sindano zikiwa safi, huo ndio wakati.

Kubadilisha sindano

Badilisha zote kwa pamoja, za metali ile ile na za mtengenezaji yule yule. Sindano za tangsteni, titani, chuma cha pua na silicon haziishi sawa wala hazitoi ioni sawa. Kuchanganya mpya tatu na za zamani tisa ni kununua tatizo la uwiano kwa pesa zako. Zinazochomolewa zichomolewe kwa koleo lenye midomo ya plastiki, ukivuta moja kwa moja bila kupinda. Zilizomwagiwa plastiki ndani ya ufito hazibadilishwi karakanani. Ufito mzima hurudi kwa muuzaji. Sindano za zamani zitie kwenye chupa ngumu kabla ya kutupa. Wanaokusanya taka nao wana mikono.

Matatizo yanayorudi

*Inawaka lakini chaji haiondoki.* Anza na ardhi, halafu umbali. Kisha tafuta chuma kilicho karibu na ncha: mtu amefunga bati au boliti sentimita mbili kutoka kwenye sindano, na ioni zote zinaingia humo badala ya kwenda kwenye karatasi. Tazama pia ufito unaangalia wapi. Unafaa kuielekea karatasi iliyo hewani. Karatasi iliyolala juu ya rola ya chuma huficha chaji yake.

*Inapasuka "tak tak" mara baada ya kusafishwa.* Bado kuna unyevu. Zima, chomoa, rudi hatua ya 8 na uongeze muda. Ikirudia baada ya kukauka vizuri, zima taa za chumba na utazame kwa mbali cheche inarukia wapi. Ikipita juu ya plastiki, kuna njia ya kaboni na ufito huo umekwisha.

*Inafanya kazi mchana, asubuhi inasumbua.* Hii ni chumvi kwenye plastiki, karibu kila mara. AC huzimwa usiku, unyevu unapanda, utando unalowa. Safisha tena ukikazia hatua ya 6, na asubuhi washa AC nusu saa kabla ya ayonaiza.

*Harufu ya ozoni ni kali, koo linawasha, watu wanaumwa kichwa.* Usizoee. Marekani, kikomo cha kisheria cha kazini ni sehemu 0.1 kwa milioni kwa saa 8. Fungua madirisha, zima, tafuta cheche. Ayonaiza yenye sindano safi, iliyo na volti zinazofaa, hainuki hivyo.

*Inaacha chaji ya upande mmoja.* Huenda ulisafisha baadhi ya sindano tu, au sindano za chanya zimechakaa tofauti na za hasi. Safisha zote sawa kwanza. Ikibaki, ndipo uguse skrubu ya uwiano, na uiguse ukiwa na mita mkononi, si kwa kukisia.

*Fyuzi inakatika au taa nyekundu inawaka.* Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Kosa liko kwenye ufito, kwenye kebo ya volti nyingi au kwenye boksi la umeme, na kuvitenganisha ili kujua ni kipi ni kazi ya fundi wa umeme. Ikiwa ilianza baada ya stima kupotea na kurudi kwa nguvu, mwambie hivyo mapema, utamfupishia safari.

*Sindano zinachafuka upya ndani ya siku mbili tatu.* Acha kulaumu sindano, inusa chumba. Dawa ya kung'arisha viti, ya kulainisha rola au ya nywele ikiwa na silikoni, kwenye ncha inageuka silika. Dawa ya mbu ya kuchoma huacha utando. Mpishi wa viazi karai akiwa chini ya dirisha lako, mvuke wa mafuta unapanda kwako kila jioni. Na udi. Najua duka bila udi asubuhi ni kama halijafunguliwa, lakini moshi wake unanata kwenye sindano vile vile unavyonata kwenye nguo. Chetezo kiwekwe mlangoni, kizungushwe mbele kwa wateja, na ayonaiza iwashwe baada ya moshi kuisha.